Mabaki ya jikoni hayailishi mboga ya kwenye maji hadi bakteria wayale kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ushauri unaosambaa kwa kasi miongoni mwa wakazi wa mijini, hasa hapa Dar es Salaam, kwamba mtu anayelima mboga za majani bila udongo, kwa mtindo wa haidroponiki, hana sababu ya kununua mbolea ya dukani kwa kuwa maganda ya ndizi, maganda ya mayai na maji yaliyooshewa mchele, yakilowekwa siku mbili tatu na kumiminwa kwenye beseni, yanatosha kuilisha mboga hadi inapovunwa. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila umekatwa katikati, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoamua kama mboga itastawi au itaoza. Mabaki ya jikoni hayawezi kuilisha mboga iliyo kwenye maji yakiwa mabichi. Yanawalisha bakteria, na bakteria hao, wakipewa hewa na muda, ndio wanaoiandalia mboga chakula chake. Mkulima anayeruka hatua hiyo huambulia maji yanayonuka na mimea iliyokufa, kisha huwaambia majirani zake kwamba kilimo hiki ni utapeli.

Nimefundisha kemia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na tangu nilipostaafu ninalima mchicha, chainizi na matembele kwenye madumu na mabeseni nyuma ya nyumba yangu huku Kimara. Sina mbolea ninayoiuza wala semina ninayoiendesha. Kilichonisukuma kuandika ni beseni la jirani yangu, mama mmoja mchapakazi ambaye aliufuata ushauri huo neno kwa neno. Aliponiita kulitazama, maji yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijivu na yalikuwa yakinuka kama mtaro. Majani ya chainizi yalikuwa yamelegea kana kwamba hayajanyeshewa kwa wiki nzima, ilhali mmea wenyewe ulikuwa umesimama ndani ya maji. Nilipoung'oa mche mmoja, mizizi ambayo kwa kawaida huwa myeupe na imara ilikuwa ya kahawia na yenye utelezi, na nilipoivuta kidogo kwa vidole, ngozi yake ya nje ilivuka yote na kubaki nyuzi nyembamba za katikati. “Mwalimu, nimeipa kila nilichoambiwa niipe,” akasema. Ni kweli alikuwa ameipa, na tatizo lilianzia hapo.

Kwenye udongo mambo ni tofauti. Mkulima akifukia maganda ya ndizi chini ya mgomba, vijidudu vya udongo huyala polepole, hewa inapita katikati ya chembe za udongo, na mzizi unachukua kinachobaki kwa wakati wake. Ndani ya beseni hakuna nafasi ya namna hiyo. Maji yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, ambalo ni joto la kawaida kwa beseni la Dar es Salaam hata likiwa kivulini, hubeba takribani miligramu saba na nusu tu za oksijeni kwa lita, na mizizi inahitaji oksijeni hiyo ili ipumue na ifyonze maji. Ukimimina humo sukari ya maganda ya ndizi na wanga wa maji ya mchele, bakteria wa kila aina huzaana kwa kasi ya ajabu na kuimaliza oksijeni hiyo. Mizizi inakabwa, inakufa, na kuvu wa majini wanaosababisha kuoza kwa mizizi wanaingia mahali palipokwisha kulainika. Kumwaga maganda ya ndizi kwenye beseni la mboga ni sawa na kumpa mtoto mchanga muhogo mbichi: chakula ni chakula, ila aliyepewa hawezi kukila.

Hata kama hewa isingekuwa tatizo, bado kuna suala la naitrojeni, ambayo ndiyo inayolipa jani ukubwa na rangi ya kijani. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walionyesha katika miaka ya 1860 kwamba mmea unaweza kukua ndani ya maji matupu mradi maji hayo yawe na chumvi za madini zilizoyeyuka. Tangu wakati huo wanaolima bila udongo wamekuwa wakiupa mmea naitrojeni iliyo tayari, kwa sehemu kubwa katika umbo la nitrati. Naitrojeni ya jikoni haiko katika umbo hilo. Imefungwa ndani ya protini, na mzizi wa mchicha hauna uwezo wa maana wa kuifungua. Kwanza protini ivunjwe na bakteria hadi itoe amonia, kisha bakteria wa kundi la Nitrosomonas waigeuze amonia kuwa nitriti, kisha wenzao wa makundi ya Nitrobacter na Nitrospira waigeuze nitriti kuwa nitrati. Amonia ikizidi huunguza mizizi, na nitriti nayo ni sumu kwa mmea. Ni nitrati inayopokelewa vizuri, na hiyo ndiyo ya mwisho kufika. Wanafunzi wetu huukariri mzunguko huu wa naitrojeni kwa ajili ya mtihani na kuusahau siku ya pili yake, nami nakiri kwamba somo hilo hufundishwa kwa mchoro wa mishale ubaoni wakati ndoo moja yenye maji, udongo na mabaki ya samaki ingelionyesha lote.

Kwamba jambo hili linawezekana si la kubahatisha. Mwaka 2011 watafiti wa Japani wakiongozwa na Makoto Shinohara walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa mbolea ya asili, ikiwemo ile inayotokana na samaki, inaweza kugeuzwa kuwa nitrati ndani ya maji yenyewe kwa kutumia vijidudu vinavyotoka kwenye mboji au udongo, na kwamba mboga hukua vizuri kwenye maji hayo. Siri yao ilikuwa mambo matatu: kuweka mbegu ya vijidudu, kupuliza hewa ndani ya maji bila kukoma, na kuongeza chakula kidogo kidogo badala ya kukimwaga chote kwa mkupuo. La tatu ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu mtu mwenye ndoo ya mabaki ya jikoni mkononi hutamani aimalize leo.

Naomba nieleze namna inavyofanyika kwa vifaa vinavyopatikana hapa kwetu. Inahitajika ndoo ya lita 20 iliyo mbali na mboga, ambayo kazi yake ni kugeuza mabaki kuwa nitrati tu, wala mmea usiwekwe humo. Maji ya bomba yaachwe wazi usiku kucha ili klorini ipungue, maana dawa inayoua vijidudu vya maradhi haiwachagui hawa tunaowahitaji. Konzi mbili za mboji iliyoiva vizuri, inayotokana na majani na si samadi, zifungwe kwenye kitambaa na kuning'inizwa ndani ya ndoo. Pampu ndogo ya hewa, ya aina inayotumika kwenye matangi ya samaki wa mapambo, iwashwe muda wote. Halafu kila siku liongezwe tonge dogo la mabaki yaliyochemshwa, yakapoa na kusagwa laini, kadiri ya kijiko kimoja cha chakula. Siku za mwanzo maji yatanuka amonia. Mtu asiogope, wala asiongeze kitu cha kuua harufu. Katika joto la pwani harufu hiyo huanza kupungua ndani ya wiki mbili hadi nne, na vikaratasi vya kupimia maji ya samaki, vinavyouzwa na hao hao wanaouza pampu, vitaonyesha nitriti inapanda, kisha inashuka, na nitrati inabaki. Hapo ndipo maji huchujwa kwa kitambaa kizito, huzimuliwa na kupelekwa kwenye mboga. Robo ya ndoo hubakishwa iwe mbegu ya awamu inayofuata, ambayo huenda haraka zaidi kwa kuwa bakteria tayari wamejaa.

Kuhusu pampu, nimeshawasikia wanaosema kwamba kukoroga kwa mwiko asubuhi na jioni kunatosha. Hakutoshi, na hesabu yake ni fupi. Kugeuza gramu moja ya naitrojeni ya amonia kuwa nitrati kunakula takribani gramu nne na nusu za oksijeni. Ndoo yetu ya lita 20, tukitaka iwe na nguvu ya mchanganyiko wa Hoagland, maji maarufu ya madini yanayotumiwa kulishia mimea isiyo na udongo, wenye kama miligramu 210 za naitrojeni kwa lita, inahitaji gramu nne na kidogo za naitrojeni, yaani karibu gramu 19 za oksijeni, wakati maji yote ya ndoo hiyo kwa wakati mmoja yamebeba kama gramu 0.15 tu. Ni zaidi ya mara mia moja ya kilichomo. Mwiko hauwezi kuingiza hewa ya kiasi hicho. Pampu ndogo ya wati chache inaweza, na matumizi yake ya umeme ni madogo kuliko ya balbu nyingi. Umeme ukikatika kwa saa chache hakuna kinachoharibika mradi siku hiyo usiongeze chakula. Ukikatika siku nzima, hapo mwiko una kazi.

Sasa ni mabaki gani? Hapa ndipo ushauri wa mitaani unapopotoka zaidi, kwa sababu umetukuza ganda la ndizi kupita kiasi. Ganda la ndizi lina potasiamu nyingi, na potasiamu hutoka kwa urahisi hata kwa kuloweka tu, lakini naitrojeni yake ni kidogo mno. Atakayetaka kuzipata hizo gramu nne za naitrojeni kwa maganda ya ndizi peke yake atahitaji kilo kadhaa, na sukari itakayotoka humo itayamaliza maji hewa kabla kazi haijaanza. Utumbo na vichwa vya samaki, kwa upande mwingine, vina protini, na takribani asilimia 16 ya uzito wa protini ni naitrojeni. Kama gramu 200 za mabaki ya samaki, zikigawanywa kwa wiki mbili, zinakaribia kutosha ndoo nzima. Ni kiasi kinachobaki baada ya kupaa samaki wa mlo mmoja wa familia. Mabaki ya dagaa, maharage na kunde zilizochemshwa bila chumvi nayo yanafaa. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yana naitrojeni, ila imeshikwa na hutoka polepole, kwa hiyo mahali pake ni kwenye mboji. Machicha ya nazi yana mafuta mengi, wapewe kuku.

Ganda la yai ndilo lenye hadithi nzuri kuliko yote, na ajabu ni kwamba wanaolisifia hawaijui. Ganda hilo karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ambayo haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Mtu anayelisaga na kulinyunyiza kwenye beseni la mboga atalikuta chini vile vile alivyoliweka. Lakini bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati wanazalisha asidi, na asidi hiyo huyafanya maji ya ndoo yawe makali hadi wenyewe wanashindwa kufanya kazi. Ganda la yai lililosagwa, likiwa ndani ya ndoo hiyo ya kugeuzia, linaliwa na ile asidi taratibu, linarudisha maji kwenye kiwango kinachowafaa bakteria, na papo hapo linatoa kalsiamu ambayo mboga za majani huihitaji sana ili ncha za majani machanga zisiungue. Yaani ganda ni lile lile. Katika ndoo moja ni takataka, katika nyingine ni dawa na chakula.

Vipo vitu visivyofaa kabisa. Mchuzi, wali na mabaki yoyote yaliyotiwa chumvi yasiingie, kwa kuwa sodiamu iliyo ndani ya chumvi haitumiwi na mmea kwa kiasi cha maana, haivukizwi pamoja na maji, na hujikusanya awamu baada ya awamu hadi mboga inadumaa. Kwa sababu hiyo hiyo makumbi ya nazi, ambayo wengi wetu huyatumia kushikiza miche, yasuuzwe mara nyingi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa yakiwa yametoka mahali ambapo hulowekwa baharini. Mafuta ya kupikia nayo hufunika uso wa maji na kuziba mizizi. Maganda ya malimau na machungwa kwa wingi yasiwekwe.

Ni lazima pia kusema wazi kwamba jikoni hakutoi kila kitu. Madini ya chuma ndiyo yanayokosekana mapema: majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, tofauti na upungufu wa naitrojeni unaoanza na majani ya chini yaliyokomaa. Ninalopendekeza, na ninalolifanya mwenyewe, ni kutumia maji ya ndoo kwa sehemu kubwa na kuongeza kidogo cha madini ya chuma na magnesiamu ya dukani. Wapo wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kuharibu usafi wa kilimo cha asili. Mimi naona mwananchi aliyepunguza mbolea ya dukani kwa sehemu kubwa amepata faida ya kweli, hasa tukikumbuka jinsi bei ya mbolea ilivyopanda mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine hadi Serikali ikaleta ruzuku, ruzuku ambayo haikumlenga mtu mwenye mabeseni matano uani. Kipimo cha pH, yaani cha kiwango cha asidi ya maji, nacho kinafaa kununuliwa. Maji ya mboga yakae kati ya 5.5 na 6.5, kwa kuwa yakivuka 7 hata chuma kilichomo hakichukuliki.

Aina ya mboga nayo ina uzito wake. Picha nyingi tunazoonyeshwa ni za saladi iliyopangwa safu kwa safu, lakini saladi ni mboga ya ubaridi. Inafaa Lushoto, Njombe au Mbeya, na kwa joto la Dar es Salaam huwahi kuchanua na kuwa chungu. Mchicha wetu unapenda joto na huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Matembele ni rahisi zaidi kwa anayeanza, kwani kipande cha shina kikitumbukizwa kwenye maji hutoa mizizi ndani ya siku chache bila kubembelezwa. Tena mboga hizi mbili hupikwa, na hilo linanileta kwenye afya.

Mabaki ya jikoni, hasa ya nyama mbichi na kuku, hubeba bakteria wa maradhi ya tumbo, Salmonela na ndugu zake. Ndiyo maana nimesema mabaki yachemshwe kabla ya kuingia ndooni, na ndiyo maana nasisitiza kwamba maji hayo yasirushwe kwenye majani. Yaende kwenye mizizi tu. Mboga inayoliwa mbichi isilimwe kwa maji ya ndoo na mtu ambaye hajauzoea utaratibu huu. Mara nyingi nimesikia kilimo cha bila udongo kikisifiwa kuwa ni jibu la mboga zinazonyeshewa maji machafu ya Bonde la Mto Msimbazi, na ninaunga mkono nia hiyo, lakini beseni lenye mabaki yaliyooza halina usafi wa kuushinda mto huo. Bibi zetu waliopika mchicha hadi ukaiva sawasawa walikuwa na busara ambayo vitabu vya mapishi ya kisasa vinaisahau.

Mhariri, naomba niguse na upande wa jiji. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani hapa ni mabaki ya vyakula na mimea, na hubebwa kwa gharama kubwa hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako yakifukiwa bila hewa hutoa gesi ya methani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa zihakikishe taka zinatenganishwa pale zinapozalishwa. Mtaani kwetu gari la taka likija, ganda la ndizi, betri na chupa vinapanda pamoja. Wapo watakaosema kwamba wananchi hawawezi kubadilika, lakini tulisema hivyo hivyo kuhusu mifuko ya plastiki kabla ya tarehe 1 Juni 2019, na leo hata mtoto anatumwa dukani na kikapu. Katika jiji lenye soko la ndizi liitwalo Mahakama ya Ndizi pale Mabibo na soko la samaki la Feri, potasiamu na naitrojeni zote mbili zinatupwa kila siku, moja upande huu na nyingine upande ule, kisha tunaagiza zote mbili kutoka ng'ambo zikiwa kwenye mifuko. Sisemi kwamba taka zote za Feri ziingie kwenye ndoo za uani, haiwezekani. Shule za bweni na hoteli zenye mitambo ya bayogesi zinaweza kufanya zaidi, ila nazo zijue kwamba tope linalotoka kwenye mtambo limejaa amonia, na haliwezi kumwagwa kwenye mboga za maji kabla ya kupitishwa kwenye hewa na bakteria kama nilivyoeleza.

Ombi langu kwa maofisa ugani wa manispaa ni kwamba elimu ya kilimo cha mjini, ambayo mpaka sasa kwa habari ya haidroponiki imejikita zaidi kwenye trei za kuoteshea chakula cha kuku na ng'ombe, iongezwe somo la ndoo ya kugeuzia, na lifundishwe kwa kuonyeshwa pale pale ofisi ya kata badala ya kusomwa kwenye kipeperushi. Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo zaidi. Katika miaka ya 1930, W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California alipokuza nyanya kwenye maji, magazeti ya Marekani yalishangilia hadi watu wakaamini kwamba udongo umepitwa na wakati, na wenzake wawili wa chuo hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakalazimika kutoa kijitabu mwaka 1938 kueleza kwamba mavuno ya kwenye maji hayapiti yale ya udongo mzuri ukitunzwa vizuri. Mchanganyiko wa Hoagland nilioutaja juu umetokana na kazi hiyo ya kupoza ushabiki. Ukurasa wako wa kilimo unapochapisha picha ya mchicha uliostawi kwa mabaki ya jikoni, uchapishe pia picha ya ndoo iliyokuwa nyuma yake, pamoja na muda ambao ndoo hiyo ilichukua kabla ya kuwa tayari.

Kwa wale ambao tayari wana beseni linalonuka, wasikate tamaa. Mimea iliyooza mizizi itupwe, beseni lisuguliwe kwa sabuni na kuanikwa juani hadi likauke kabisa, na miche mipya ianze kwa mbolea ya dukani iliyopunguzwa nguvu huku ndoo ya kugeuzia ikiandaliwa pembeni. Maji yaliyoharibika yasimwagwe mtaroni. Yazimuliwe na kupewa mgomba au mpapai, na tope litakalobaki chini ya ndoo lifukiwe hapo hapo kwenye shina, kwani udongo una hewa na wadudu wa kutosha kulimaliza bila msaada wetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam.